Kinachofuata na Kinachoelekea: Kwa Nini Maswali ya Mantiki Huwanasa Wenye Akili

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa Juma anapita mtaani akichechemea, mguu umefungwa plasta. Je, Juma hakusikia la mkuu? Barazani wengi wataitikia ndiyo kwa kicheko, na wazee watatikisa vichwa. Katika chumba cha mtihani wa mantiki jibu hilo ni kosa. Methali imesema kila asiyesikia huvunjika. Haikusema kila aliyevunjika hakusikia. Huenda Juma aligongwa na bodaboda akitoka kumsikiliza huyo huyo mkuu.

Kuisoma kauli kinyumenyume namna hiyo ndiyo riziki ya watunzi wa mitihani ya kufikiri kimantiki, na mitihani hiyo imekuwa mingi. Marekani na Kanada, anayetaka kusomea sheria hukutana na LSAT, mtihani uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Uingereza, kampuni kubwa za mawakili huwachuja waombaji kwa mtihani wa Watson-Glaser, na wanaotaka kusomea udaktari hufanya UCAT. Vyuo vya biashara vina GMAT. Vijana wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanaotafuta nafasi huko hukaa mbele ya maswali yale yale.

LSAT ndio unaoonyesha vizuri uzito ambao ustadi huu umepewa. Kwa miongo kadhaa mtihani huo ulikuwa na sehemu ya mafumbo ya mpangilio: nani akae karibu na nani, nani atangulie na nani afuate. Watahiniwa wasioona walilalamika kwamba sehemu hiyo iliwapendelea wanaoweza kuchora michoro, na makubaliano ya mwaka 2019 yakamaliza shauri hilo. Tangu Agosti 2024 mafumbo hayo yameondolewa. Sasa, kati ya sehemu tatu zinazohesabiwa alama, mbili ni za hoja fupi: aya moja, swali moja, majibu matano ya kuchagua. Kila sehemu ina maswali yapatayo 25 kwa dakika 35. Hiyo ni chini ya dakika moja na nusu kwa swali.

Ajabu ya maswali haya ni kwamba jibu baya mara chache huwa la kipuuzi. Huwa ni kauli ya kweli, au inayoelekea kuwa kweli, au ambayo mtu mwenye busara angeishi nayo miaka yote bila kudhurika. Kasoro yake ni moja: maandishi yaliyotolewa hayailazimishi. Anayekosea mara nyingi ametumia akili nzuri ya aina nyingine, ile inayomfaa sokoni na nyumbani, mahali ambapo swali limemwomba kitu kimoja chembamba mno.

Swali moja kwa karibu

Tuchukue swali lililotungwa kwa ajili ya makala haya, kwa mtindo wa mitihani hiyo. Bandari na kanuni zake ni za kubuni.

Kila jahazi linalotia nanga baada ya magharibi hulipa ada ya usiku. Majahazi mengi kati ya yale yanayobeba boriti hutia nanga baada ya magharibi. Jahazi lililolipa ada ya usiku haliruhusiwi kupakua shehena kabla ya alfajiri. Ikiwa kauli hizi ni kweli, ipi kati ya zifuatazo ni lazima iwe kweli?

(A) Kila jahazi lililolipa ada ya usiku lilitia nanga baada ya magharibi.
(B) Jahazi linalotia nanga mchana halilipi ada ya usiku.
(C) Majahazi mengi kati ya yale yanayotia nanga baada ya magharibi hubeba boriti.
(D) Manahodha wa majahazi ya boriti wangependa kufika mchana ili wakwepe ada.
(E) Baadhi ya majahazi yanayobeba boriti hayaruhusiwi kupakua shehena kabla ya alfajiri.

Jibu A linavutia kwa sababu limejengwa kwa maneno yale yale ya aya, ila limegeuzwa. Tumeambiwa wanaochelewa hulipa. Hatukuambiwa kwamba hakuna mwingine anayelipa. Pengine jahazi lililofika adhuhuri na kulala bandarini nalo hutozwa. Jibu B ni kosa hilo hilo lililovaa kanzu nyingine: anayelikubali amedhani kwamba kuchelewa ndiyo njia pekee ya kutozwa. Mtunzi hodari hupenda kuweka yote mawili, maana mtahiniwa akilikwepa la kwanza hujiona ameshapona, kisha akanaswa na la pili.

C linagusa idadi. Walimu wengi wa shule za chekechea ni wanawake. Haifuati kwamba wanawake wengi ni walimu wa chekechea. Neno "wengi" halipinduliwi, kwa sababu kila upande una jumla yake. Huenda majahazi ya boriti ni sita tu, na yanayoingia usiku ni mia.

D ndilo jibu la mtu anayejua maisha. Nani asiyetaka kukwepa ada? Lakini aya haikutaja matakwa ya nahodha yeyote, na katika mtihani huu ambacho hakikutajwa wala hakikubanwa na yaliyotajwa hakina nafasi.

Linabaki E. Mengi ya boriti huingia baada ya magharibi. Yanayoingia wakati huo hulipa. Yaliyolipa hayapakui kabla ya alfajiri. Mnyororo umekamilika. Hata hivyo watahiniwa wengi hulipita jibu hili kwa kuliona nyonge: aya imesema "mengi", iweje jibu liseme "baadhi" tu? Katika mantiki, "baadhi" maana yake ni angalau moja, na penye mengi hapakosi moja. Jibu sahihi la swali la aina hii mara nyingi husema machache kuliko ambayo msomaji angeweza kusema. Ndiyo maana kauli zenye "kamwe", "pekee" na "daima" zinastahili kutiliwa shaka, ingawa zisikataliwe kabla ya kupimwa: aya yenyewe ikiwa na lugha kali, hitimisho kali huweza kusimama.

Idadi ina jambo jingine ambalo wanaojiandaa vizuri hulijua. Katika mitihani hii "wengi", kwa maana ya most ya Kiingereza, ni zaidi ya nusu. Kwa hiyo ikiwa wavuvi wengi wa kijiji wana simu, na wavuvi wengi wa kijiji hicho hicho ni wanachama wa ushirika, basi yupo angalau mvuvi mmoja mwenye vyote viwili. Nusu mbili zilizozidi haziwezi kukaa bila kupishana. Badilisha "wengi" kuwa "baadhi" katika kauli zote mbili, na hitimisho lote linaanguka.

Sharti na njia zake nne

Sehemu kubwa ya maswali haya husimama juu ya kauli za sharti: likiwa hili, basi lile. Kila kauli ya namna hiyo hufungua njia nne, na mbili tu ndizo zinazopitika.

Turudi kwa asiyesikia. Tukijua mtu hakusikia, tunaweza kuhitimisha kwamba guu litavunjika. Tukijua guu ni zima, tunaweza kuhitimisha kwamba alisikia, maana angekuwa hakusikia lingekuwa limevunjika. Njia hizi mbili ni halali. Tukijua guu limevunjika, hatujui lolote kuhusu kusikia. Tukijua alisikia, hatujui lolote kuhusu guu. Kati ya njia mbili halali, ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa inamtaka mtu aanzie mwisho na kurudi nyuma huku akikanusha.

Methali nyingine inabeba sharti la aina tofauti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa jicho la mtahini, isomwe hivi: hakuna akipataye cha mvunguni bila kuinama. Kuinama ni lazima, lakini hakutoshi. Aliyeinama huenda alikuwa akifunga kamba za viatu, au mvunguni palikuwa patupu. Kasoro nyingi zinazofichwa katika hoja za mitihani ni hizi za kulichukua sharti la lazima kana kwamba linatosha, au linalotosha kana kwamba ni la lazima. Tangazo la kazi linaloandika "mwombaji awe na shahada" halijamwahidi kazi kila mwenye shahada, na kila mwenye shahada anayezunguka na bahasha analijua hilo vizuri. Lakini kauli hiyo hiyo ikivikwa maneno mageni, kwa dakika moja na nusu, wengi huipoteza.

Neno dogo "tu" nalo lina makubwa. "Wanachama tu ndio wanaopiga kura" humaanisha kwamba ukimwona mpiga kura, umemwona mwanachama. Haimaanishi kwamba kila mwanachama hupiga kura; wengine wamebaki nyumbani siku ya uchaguzi.

Mambo haya ni ya kale. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alipanga hoja za "wote", "baadhi" na "hakuna". Wanafalsafa wa Stoa walishughulikia hoja za sharti, za "ikiwa" na za "ama". Ibn Sina alizipanua hoja za sharti katika Kiarabu, na Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikifungua kitabu chake cha misingi ya fiqhi, al-Mustasfa, kwa utangulizi wa mantiki, akishikilia kwamba asiyeijua hawezi kuaminiwa katika elimu yake. Katika karne ya 16 al-Akhdari wa Algeria aliitia elimu hiyo katika mashairi ya Kiarabu, Sullam, ili wanafunzi waihifadhi kwa moyo. Kwa hiyo mtahiniwa wa leo anaulizwa mambo ambayo shule, madrasa na vyuo vimekuwa vikiyafundisha kwa zama tofauti, tangu zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Kipya ni saa ya ukutani na majibu matano.

Kadi nne

Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, alieleza jaribio ambalo limewasumbua watafiti hadi leo. Katika umbo lake linalojulikana zaidi, kuna kadi nne mezani, kila moja ikiwa na herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Zinaonekana E, K, 4 na 7. Kanuni inasema: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi lazima zifunuliwe ili kujua kama kanuni imevunjwa?

Wengi huchagua E peke yake, au E na 4. Jibu ni E na 7. Kufunua 4 hakusaidii, kwa sababu kanuni haikusema kwamba namba shufwa lazima ziwe na irabu. Nyuma yake pakiwa na irabu au konsonanti, kanuni iko salama. Kadi ya 7 ndiyo ya hatari: ikiwa nyuma yake kuna irabu, kanuni imevunjika. Katika majaribio mengi ya namna hii, wanaopata jibu kamili hawafiki mmoja kati ya kumi, na waliojaribiwa mara nyingi ni wanafunzi wa vyuo vikuu.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1982 Richard Griggs na James Cox waliwapa wanafunzi wa Florida fumbo lenye umbo lile lile, ila sasa kadi ziliwakilisha watu kwenye baa. Kanuni ilisema: anayekunywa bia lazima awe amezidi miaka 19, umri uliotakiwa na sheria ya jimbo wakati huo. Kadi zilionyesha bia, soda, miaka 22 na miaka 16. Takriban robo tatu walijibu sawasawa: mkague anayekunywa bia, mkague mwenye miaka 16, waache wengine wastarehe. Hakuna aliyehitaji somo la mantiki kujua kwamba mtu wa miaka 22 hana haja ya kusumbuliwa.

Umbo ni lile lile. Kilichobadilika ni mambo yanayozungumzwa. Watafiti wamebishana kwa miongo kuhusu sababu. Patricia Cheng na Keith Holyoak walisema watu wana mifumo ya kufikiria ruhusa na wajibu, inayoamshwa na kanuni za aina hii. Leda Cosmides alisema akili ya binadamu ni hodari hasa wa kuwanasa wadanganyifu katika makubaliano. Vyovyote iwavyo, mtahiniwa anayeona aya kavu kuhusu madini au kodi anaweza kujisaidia kwa kuuliza swali la mlinzi wa baa: ni nani hapa angeweza kuwa anavunja kanuni?

Hitimisho linalopendeza

Jonathan Evans na wenzake walifanya mwaka 1983 jaribio lililo karibu zaidi na chumba cha mtihani. Waliwapa watu hoja zenye kauli mbili na hitimisho, wakawaambia wapime kama hitimisho linafuata. Baadhi ya hoja zilikuwa halali na nyingine si halali. Baadhi ya mahitimisho yaliaminika na mengine hayakuaminika.

Hoja halali yenye hitimisho linaloaminika ilikubaliwa kwa asilimia 89. Hoja halali yenye hitimisho lisiloaminika iliporomoka hadi asilimia 56. Hoja isiyo halali lakini yenye hitimisho linaloaminika ilikubaliwa kwa asilimia 71. Ile isiyo halali na isiyoaminika ilipata asilimia 10 tu. Maana yake, hoja mbovu yenye mwisho mtamu ilikubaliwa na wengi zaidi kuliko hoja safi yenye mwisho mchungu.

Takwimu hizo zinaonyesha hatari iliyomo katika mada kama afya, mazingira na siasa, ambazo kila mtu ana maoni juu yake. Msomaji akikutana na kauli kwamba uvutaji sigara huharibu mapafu, mkono unakimbilia kuichagua. Ni kweli, hapana ubishi. Lakini kama aya imezungumzia bei ya sigara pekee, kauli hiyo haikutoka humo.

Dubu wa kaskazini

Je, kushindwa kubaki ndani ya maneno yaliyotolewa ni kushindwa kufikiri? Swali hili liliulizwa kwa ukali katika karne ya 20, na jibu lake lina somo.

Miaka ya 1931 na 1932 mwanasaikolojia Alexander Luria alikwenda Asia ya Kati, hasa Uzbekistan, wakati dola ya Kisovieti ikianzisha mashamba ya pamoja na shule. Aliwaambia wakulima: kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali, dubu wa huko wana rangi gani? Wakulima wengi ambao hawakuwa wamesoma walikataa kujibu. Walisema hawajafika huko, kwamba wao wamewaona dubu weusi, kwamba aulizwe aliyekwenda. Waliopata elimu kidogo walijibu bila tabu. Matokeo hayo yalikaa muda mrefu bila kuchapishwa. Kitabu kilitoka kwa Kirusi mwaka 1974.

Liberia nako, Michael Cole na wenzake walikutana na jambo kama hilo miongoni mwa Wakpelle, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1971. Waliambiwa kwamba Flumo na Yakpalo hunywa pombe pamoja kila mara, na kwamba sasa Flumo anakunywa. Je, Yakpalo anakunywa? Mzee mmoja alijibu kwamba siku hiyo Yakpalo alikuwa amekwenda shamba.

Ni rahisi kuwacheka. Sylvia Scribner, aliyechunguza majibu ya aina hii kwa makini, aliona jambo tofauti: wasiosoma walipokubali kauli walizopewa, walifikia mahitimisho yaliyo sawa, na walipozikataa, walitoa sababu zinazosimama, ila zilizojengwa juu ya ujuzi wao wenyewe. Mkulima wa Luria alisema, kwa kweli, "sisemi nisichokijua", na mbele ya hakimu angesifiwa kuwa shahidi mwaminifu. Alichokosa ni desturi ya shule, ya kupokea kauli ya mtu usiyemjua na kuitumia kana kwamba ni kweli.

Desturi hiyo haikuzaliwa shuleni peke yake. Mwaka 1988 Maria Dias na Paul Harris walionyesha kwamba hata watoto wadogo hukata hoja vizuri kutokana na kauli zinazopingana na ujuzi wao, mradi zitolewe kwa sauti ya mchezo na hadithi, kama habari za sayari nyingine. Mtoto wa pwani angewaelewa mara moja. Msimulizi akisema "Paukwa!" na wote wakaitikia "Pakawa!", hakuna tena anayeuliza sungura amejifunza wapi kusema. Ulimwengu wa hadithi umekubaliwa, na ndani yake kila mtu anajua nini kinafuata na nini hakifuati. Agizo la mtihani, "ikiwa kauli hizi ni kweli", linataka mtahiniwa aingie katika mkataba wa namna hiyo.

Adabu ya mazungumzo

Sehemu ya makosa hutokana na kuwa wasikilizaji wazuri mno. Mwanafalsafa Paul Grice, katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1975, alieleza kwamba watu wanapozungumza hudhani kila mmoja anasema kiasi kinachotosha na kinachohusika. Fundi akikuambia "baadhi ya matairi yamekwisha", unaelewa kwamba si yote, maana yangekuwa yote angesema yote. Kimantiki hajasema hivyo.

Mwaka 1971 Michael Geis na Arnold Zwicky walionyesha hali hiyo hiyo kwa ahadi. Mzazi akisema "ukifyeka majani nitakupa pesa", mtoto anaelewa pia kwamba asipofyeka hapati. Mtoto huyo anamwelewa mzazi wake vizuri kabisa. Lakini aliyesoma aya ya mtihani kwa masikio hayo atachagua jibu B katika swali letu la majahazi bila kusita.

Hata hatua iliyo halali kabisa inaweza kuyumba. Ruth Byrne, mwaka 1989, aliwapa watu kauli hii: akiwa na insha ya kuandika, atasoma maktabani hadi usiku. Wakaambiwa ana insha. Asilimia 96 walisema atasoma maktabani. Wengine walipewa kauli ya ziada: maktaba ikibaki wazi, atasoma hadi usiku. Waliokubali hitimisho lile lile walishuka hadi asilimia 38. Hakuna kilichofutwa katika kauli ya kwanza. Wasomaji wameingiwa na wazo kwamba milango huenda imefungwa. Mwanasheria anayesoma mkataba anahitaji wazo kama hilo. Mtahiniwa anahitaji kulizuia.

Je, hufundishika?

Biashara ya kozi za kujiandaa na mitihani hii ni kubwa, na swali la kama zinabadilisha fikra au zinafundisha ujanja tu si la bure. Mwaka 1986 Cheng, Holyoak, Richard Nisbett na Lindsay Oliver walichapisha matokeo ya kushtua: wanafunzi waliomaliza muhula mzima wa somo la mantiki chuoni hawakupata nafuu ya maana katika fumbo la kadi. Kilichosaidia ni mafunzo mafupi yaliyoiunganisha kanuni na mifano inayoonyesha inavyofanya kazi. Kanuni peke yake haikufika mbali. Mwaka 2012 Allyson Mackey, Silvia Bunge na mwenzao walipima ubongo wa vijana waliojiandaa na LSAT kwa takriban saa 100 katika miezi mitatu, wakaona mabadiliko katika nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo zinazotumika kukata hoja.

Matokeo hayo yanagusa madarasa ya karibu. Tanzania, mantiki ni mada katika Hisabati ya kidato cha tano na sita: alama, majedwali ya ukweli, kauli na vinyume vyake. Mwanafunzi anaweza kuandika bila kosa kwamba kauli ya sharti ni sawa na kinyume chake kilichogeuzwa, kisha akashindwa kuitambua kanuni hiyo hiyo ikiwa imejificha katika aya ya gazeti. Anayekwenda kufanya LSAT au GMAT ana mzigo wa ziada, maana aya hizo zimeandikwa kwa Kiingereza kilichobanwa, na viunganishi vya sharti vya lugha hiyo ndivyo vinavyobeba swali zima.

Lazima na yaelekea

Mitihani yenyewe haifanani, na anayejiandaa kwa mmoja anaweza kuumizwa na mwingine. Katika LSAT swali moja huuliza nini ni lazima kiwe kweli, na jingine huuliza nini kinaungwa mkono zaidi na aya. La pili halidai uhakika, linadai tu kwamba hakuna jibu jingine lenye nguvu kama hilo. Sehemu ya kwanza ya Watson-Glaser huenda mbali zaidi. Mtahiniwa hupewa taarifa na hitimisho, kisha huchagua moja kati ya ngazi tano: kweli, yaelekea ni kweli, taarifa hazitoshi, yaelekea si kweli, si kweli. Hapo ujuzi wa kawaida wa maisha unaruhusiwa kuingia kiasi. Lakini katika sehemu ya hoja za lazima ya mtihani huo huo, unafungiwa mlango.

Nje ya mitihani ngazi hizo za katikati ndizo zinazotumika zaidi, na kosa la kugeuza kauli hutufuata hadi huko. Mwaka 1978 Ward Casscells na wenzake waliwauliza madaktari na wanafunzi 60 katika hospitali zinazohusiana na Harvard swali hili: ugonjwa unampata mtu mmoja kati ya 1,000, kipimo huwapa majibu ya uongo asilimia 5 ya wasio nao, mtu ambaye dalili zake hazijulikani amepimwa na kipimo kimesema anao. Uwezekano wa kuwa nao kweli ni kiasi gani? Waliojibu sawa walikuwa 11. Jibu lililotolewa na wengi zaidi, watu 27, lilikuwa asilimia 95. Walichukua kauli "asiye na ugonjwa ni nadra kupewa jibu la uongo" wakaigeuza kuwa "aliyeambiwa ana ugonjwa ni nadra kuwa hana". Ni kosa la jibu A katika swali la majahazi, na safari hii mgonjwa yuko upande wa pili wa meza.

Hesabu yake si ngumu ikiwekwa kwa watu badala ya asilimia. Kati ya watu 1,000, mmoja anaumwa, na kipimo kitamwona. Kati ya 999 waliobaki, takriban 50 watapewa jibu la uongo. Kwa hiyo katika watu 51 walioambiwa wanao, mwenye nao ni mmoja: karibu asilimia 2. Mwaka 1996 Leda Cosmides na John Tooby walipowapa wanafunzi wa Stanford swali hilo kwa idadi ya watu, likiwa limefafanuliwa vizuri, asilimia 76 walilijibu sawa. Daktari anayemweleza mgonjwa majibu ya kipimo anaweza kuchagua kama atayaeleza kwa asilimia au kwa idadi ya watu.